Gurudumu Lisilo na Mhimili

Gurudumu ni mtumishi mwenye tabia moja. Huenda mbele na hurudi nyuma, upande haliendi. Likilazimishwa kwenda upande huburuzika, huchubuka na hulia. Kwa maelfu ya miaka mwanadamu ameikubali tabia hiyo kama alivyokubali ya kuwa mto huteremka na moshi hupanda. Alipotaka kwenda kushoto hakuliamuru gurudumu liende kushoto. Aliligeuza uso kwanza, kisha akalifuata katika mzunguko mpaka akafika. Usukani wa motokaa, mikono ya mkokoteni na mapindi marefu ya reli ni ushahidi wa mapatano ya kale kati ya mtu na gurudumu: mtu apate wepesi, na gurudumu liachiwe mwelekeo wake.

Mapatano hayo yana gharama. Hamali asukumaye mkokoteni katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja aijua gharama hiyo kwa mabega yake. Afikapo penye kona iliyobanwa na kuta mbili hulazimika kurudi nyuma, kwenda mbele, kuinua mkokoteni na kuutupa upande, na huku wapitao wakingoja. Dereva wa mjini aonaye nafasi ya kuegesha iliyo sawa na urefu wa gari lake aijua pia. Nafasi ipo, gari lipo, lakini gurudumu lakataa. Si ajabu basi kwamba wametokea wasanifu walioota gari lisilokataa. Badala ya magurudumu manne yaliyofungwa katika mihimili, gari hilo lingekaa juu ya matufe manne, kila tufe likiwa huru kuzunguka kuelekea pande zote. Kati ya tufe na gari pasingekuwa na chuma kigusacho chuma, ila nguvu ya sumaku peke yake: nguvu ya kulibeba gari, nguvu ya kulizungusha tufe, na nguvu ya kulisimamisha.

Ndoto hiyo imekwisha kuonekana hadharani. Mwaka 2004 filamu ya Kimarekani iitwayo I, Robot ilionyesha gari la Audi likienda juu ya matufe. Mwaka 2016, katika maonyesho ya magari ya Geneva, kampuni ya Goodyear ilionyesha tairi la tufe lililoitwa Eagle-360, ambalo lilikusudiwa kushikamana na gari kwa sumaku pasipo kuligusa. Lilikuwa wazo la maonyesho, si bidhaa ya dukani. Lakini wazo lililokwisha kuchorwa ni kama mtoto aliyekwisha kupewa jina kabla ya kuzaliwa: watu huanza kumngojea. Kabla hajafika ni vema kuuliza swali ambalo mchoro haulijibu, wala si swali la ufundi peke yake. Mtu akikiondolea kitu kifungo chake, kifungo hicho huenda wapi?

Jibu la haraka ni kwamba kifungo kilichoondolewa kimekwisha, na kitu kimekuwa huru. Jibu hilo lapendeza masikioni, lakini halistahimili kutazamwa. Mhimili, au ekseli kama mafundi waiitavyo, huonekana kuwa pingu ya gurudumu. Ni kweli kwamba ni pingu. Lakini ni pingu ifanyayo kazi nne. Hubeba uzito wa gari. Hupeleka nguvu ya injini penye gurudumu. Huliweka gurudumu katika mwelekeo wake lisikimbilie upande. Na breki ikishikwa, hapo penye mhimili ndipo gurudumu hukamatwa likatulia. Kazi mbili katika hizo, ya kubeba na ya kuweka katika mwelekeo, hufanywa bila ya mtu kuamrisha, bila ya umeme na bila ya akili, mchana na usiku, gari likienda na gari likilala. Mkokoteni ulioachwa njiani na hamali aliyekwenda kunywa kahawa hausahau tabia yake. Sheria yake imo mwilini mwake.

Tufe halina sheria mwilini. Huo ndio uzuri wake, na hiyo ndiyo hatari yake. Likiwekwa sakafuni huwa tayari kwenda kila upande, yaani halina upande linaoukataa. Mteremko mdogo usioonekana kwa jicho hulitosha kuwa amri. Juu ya hayo, tufe gumu huigusa sakafu tambarare kwa nukta, ilhali gurudumu pana huigusa kwa mstari. Uzito uleule uliogawanyika juu ya mstari hukusanyika juu ya nukta, na ardhi huumia. Msanifu aweza kulilainisha tufe ili libonyee na kupata wayo mpana zaidi. Lakini tufe lenye kubonyea hupoteza nguvu nyingi zaidi katika mwendo, hupata joto, na wepesi uliotafutwa hupungua. Hivyo tangu hatua ya kwanza mzigo ulioshushwa begani wapandishwa kichwani.

Sumaku nayo ina sheria zake. Mwaka 1842 Samuel Earnshaw, kasisi na mwanahisabati wa Kiingereza, alitoa hoja ambayo kwayo yajulikana ya kuwa sumaku za kudumu, zikipangwa kwa namna yo yote, haziwezi peke yake kukishika kitu cha sumaku hewani kikatulia. Zikikitengemeza upande huu hukiyumbisha upande ule. Atakaye kitu kielee hapana budi atafute msaada mwingine. Aweza kukizungusha kama pia. Aweza kutumia vitu ambavyo katika baridi kali mno hupitisha umeme pasipo kizuizi. Au aweza kutumia sumaku-umeme zenye mlinzi, ambaye hupima pengo mara nyingi mno katika kila sekunde na kuongeza au kupunguza umeme kabla pengo halijapotea. Kwa gari la matufe njia iliyo karibu ni hii ya mwisho. Basi mhimili haukuondoka. Umegeuka kuwa mlinzi asiyeruhusiwa kusinzia hata kufumba na kufumbua.

Jambo hili halikubaki katika karatasi. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, Ralph Hollis na wenzake walitengeneza roboti iliyosimama juu ya tufe moja tu, na habari zake zikatolewa mwaka 2006. Ilikuwa nyembamba, yenye kimo kilichokaribia kimo cha mtu, nayo iliweza kwenda upande wo wote pasipo kugeuka kwanza. Tufe la roboti hiyo lilisukumwa na vijiti vya kuzunguka vilivyoligusa. Baadaye Hollis, pamoja na Masaaki Kumagai wa Japani, alibadilisha namna ya kulisukuma. Mwaka 2016 ilitangazwa roboti ambayo tufe lake, la chuma chenye uwazi ndani na ngozi ya shaba nje, lilizungushwa kwa nguvu ya sumaku-umeme zilizopangwa kandokando yake. Kwa hiyo tufe lizungushwalo kwa sumaku si hadithi tena. Lipo, na limekwenda.

Lakini katika roboti ile ya kwanza palikuwa na kitu kipitwacho upesi na macho. Ilikuwa na miguu mitatu. Ilipokuwa ikifanya kazi miguu hiyo ilikunjwa, nayo ikasimama kwa werevu wake. Ilipotakiwa kuzimwa miguu ilishushwa, nayo ikasimama kwa chuma. Miguu hiyo haikuwa aibu ya msanifu. Ilikuwa ungamo lake. Alijua ya kuwa kwa mhimili kusimama ni hali, na kwa tufe kusimama ni kazi. Na kila kazi ina saa ya kukoma. Aliyeondoa sheria mwilini mwa kitu aliona ni wajibu kukipa mahali pa kuegemea siku ambayo werevu utakoma. Katika vipande vitatu vya chuma mna maadili mengi kuliko katika hotuba ndefu juu ya maendeleo.

Hapa mpinzani ana haki ya kusikilizwa. Atasema ya kuwa mtu mwenyewe husimama kwa namna iyo hiyo. Mifupa ya miguu haina sheria ya kumweka wima, maiti haisimami. Mtu husimama kwa sababu macho yake, misuli yake na kiungo kilichomo ndani ya sikio lake hushauriana pasipo kukoma. Mtoto huanguka mara nyingi kabla hajajua kusimama, na hakuna mzazi aliyemshauri mtoto atambae maisha yake yote kwa kuogopa kuanguka. Ikiwa kiumbe kilicho bora husimama kwa ulinzi wala si kwa mhimili, gari lina kosa gani likifanya vivyo hivyo?

Hoja hiyo ni nzito, na haifai kujibiwa kwa dhihaka. Jibu lake hupatikana kwa kumtazama aangukaye. Mtu asinziaye akisimama huanguka yeye. Mlinzi wake na mwili wake hukaa nyumba moja, hula chungu kimoja, na maumivu ya mmoja ni mafunzo ya mwingine. Mlinzi wa gari la matufe hana ujirani huo. Amewekwa na mtu wa kwanza, amlinda mtu wa pili, na akisinzia aweza kumuumiza mtu wa tatu aliyekuwa akivuka barabara na ambaye hakupanda gari wala hakulinunua. Uhuru wa kwenda pande zote umenunuliwa na mmoja. Hatari yake imegawiwa wengi wasioulizwa. Tena kifungo cha chuma mara nyingi hutoa ishara kabla ya kukatika: breki hulia, usukani hutetemeka, nati hulegea na kugonga, na dereva mwenye masikio husimama kando ya njia. Kifungo cha umeme chaweza kukatika kimya.

Wala haitoshi kusema ya kuwa mlinzi aweza kufanywa imara sana. Aweza kweli. Tangu mwanzo wa karne hii treni ielewayo kwa sumaku hupeleka abiria katika njia ya kilomita 30 hivi mpaka uwanja wa ndege wa Pudong, Shanghai, na watu huipanda kama wapandavyo chombo kingine. Lakini tarehe 22 Septemba 2006, karibu na Lathen, Ujerumani, treni ya majaribio ya jamii iyo hiyo iligonga gari la matengenezo lililokuwa bado juu ya njia, na watu 23 wakafa. Sumaku hazikukosa. Zilibeba na zilisukuma kama zilivyoamriwa. Kosa lilikuwa la wanadamu: treni iliruhusiwa kuondoka ilhali njia haijawa tupu. Msiba huo hauthibitishi ya kuwa sumaku ni mbaya. Wathibitisha ya kuwa kadiri vitu vinavyozidi kutii amri, ndivyo mzigo unavyozidi kumlemea atoaye amri. Usalama uliokuwa ndani ya chuma huhamia katika msururu wa watu na maagizo, na kila pete ya msururu huo ni mtu awezaye kuchoka, kusahau au kudhani.

Mzigo huhama ndani ya mtambo, na huhama juu ya ramani pia. Historia ya tairi yatoa mfano usiofaa kusahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa hewa ili baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu isimtikise. Ni vigumu kupata nia iliyo safi kuliko ya baba atakaye kumpunguzia mwanawe mtikiso. Tairi la hewa likaenea, na viwanda vikahitaji mpira mwingi. Wakati huo Kongo ilikuwa mkononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyeitawala tangu 1885 mpaka 1908 kama milki yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mpira kwa kiasi walichopangiwa. Waliopungukiwa walipigwa au waliuawa, wake zao waliwekwa rehani, na wako waliokatwa mikono. Mtikiso ulioondolewa katika barabara za Ulaya ulihamia katika miili ya watu walioishi mbali na barabara hizo. Dunlop hakuagiza unyama huo, wala si haki kumtwika. Walioagiza wajulikana. Lakini aliyekalia tairi laini pasipo kuuliza ulaini wake ulitoka wapi alikuwa amekalia mzigo wa mwingine.

Tufe la sumaku nalo lina msitu wake. Sumaku zenye nguvu kubwa katika umbo dogo, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, hutengenezwa kwa madini ya neodimi pamoja na chuma na boroni. Aina nyingine ya sumaku kali huhitaji kobalti, ambayo pia hutiwa katika betri za namna nyingi. Sehemu kubwa ya neodimi huchimbwa na kusafishwa China, na usafishaji wake huacha masalio yenye sumu. Akiba ya madini ya jamii hiyo imo pia Ngualla, katika mkoa wa Songwe, Tanzania. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na nyingi katika pande za Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya machimboni, na ambako wachimbaji wadogo, na watoto miongoni mwao, wameshuka katika mashimo yasiyo na nguzo. Kongo iliyotoa mpira kwa gurudumu la jana ndiyo itakiwayo kutoa madini kwa gurudumu la kesho. Tofauti ni moja. Dunlop aweza kutetewa kwa kutojua. Msanifu wa leo hana utetezi huo, kwa sababu habari zi mezani pake.

Hapo mpinzani atarudi na neno la pili. Ikiwa kila msanifu atafuata nyayo za kila kipande cha kazi yake mpaka shimoni, hakuna kitakachotengenezwa, hata jembe. Tena mhimili nao si mtakatifu: gari la kawaida huua watu kila siku, huchafua hewa, na chuma chake nacho kilichimbwa na mtu. Maneno hayo ni kweli, na ukweli wake husaidia kuiweka hoja mahali pake. Hakuna amwambiaye msanifu atengeneze kitu kisicho na mzigo. Kitu cha namna hiyo hakijapata kuonekana duniani. Aambiwalo ni dogo zaidi, na kwa sababu ni dogo hana njia ya kulikwepa: asiseme ya kuwa mzigo umekwisha, ilhali umehama. Aujue ulikohamia. Amjue aliyeupokea, kama alikubali au alitwikwa. Na ajue siku mzigo huo utakapoanguka, utamwangukia nani.

Msanifu akiyajibu hayo kwa moyo mweupe, mchoro wake wenyewe utabadilika. Hataanza na motokaa ya mwendo wa kasi katika barabara kuu, ambako kusinzia kwa mlinzi ni mauti. Ataanza mahali ambapo faida ya kwenda upande ni kubwa na anguko ni fupi: kiti cha kilema katika chumba chembamba, kitanda cha mgonjwa katika ujia wa hospitali, gari la mizigo ndani ya ghala. Ataikumbuka sumaku na udhaifu wake, kwamba sumaku za neodimi za aina ya kawaida hupungua nguvu joto lipitapo nyuzi 80 za sentigredi, na kwamba breki ni mama wa joto. Atatia ndani ya gari kitu kilicho mfano wa ile miguu mitatu, kitu kisichongoja umeme bali kizuiwacho na umeme, ili umeme ukikatika kishuke chenyewe na kulishika gari. Na atakapoliita kundi la watu waje kulitazama, jambo la kwanza atakalowaonyesha halitakuwa namna linavyokwenda. Atalizima mbele yao juu ya mteremko, nao waone linavyokaa.

Jaribio hilo lina maana pana kuliko gari. Watu hupenda kuusifu uhuru kwa wingi wa njia zilizo wazi mbele yake. Sifa hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kumjua alindaye uhuru huo wakati mwenye uhuru amelala, na malipo ya ulinzi huo yatokako. Tufe laweza kuwa huru kuliko gurudumu; hakuna haja ya kulikana jambo hilo, wala ya kuliogopa. Ila uhuru wake umekopwa, na deni lina tarehe yake. Aukopaye kwa ajili yake mwenyewe ni mshujaa au mzembe, shauri yake. Aukopaye kwa ajili ya wengine ana wajibu wa kuwaonyesha hati ya deni kabla hawajapanda.

Hamali wa Mji Mkongwe, amalizapo kona yake ngumu, huuegemeza mkokoteni ukutani, hujipangusa jasho, na huketi barazani kunywa kahawa pasipo kugeuka kuutazama. Amechoka, na mkokoteni wake haujui kwenda upande. Lakini anapokuwa na kikombe mkononi hana hofu nao, wala hana hofu nao mtoto achezaye chini ya ukuta uleule. Siku gari la matufe litakapoweza kuachwa hivyo, litakuwa limestahili kupita njiani.